Mwaka wa Kupima Majitu ya Chuma

Siku Mzee Abdi alipozikwa, wanaume walienda makaburini na sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake hapa Kitengela, tumekaa kwa mikeka, chai ya iliki inazunguka. Nilikuwa Mkikuyu peke yangu katika hicho chumba, na kitambaa changu cha kanisani kichwani. Mama mmoja aliyesafiri kutoka Garissa aliniuliza kwa adabu mimi na marehemu tulijuana wapi. Ningesema soko la mifugo la Kajiado, na haingekuwa uongo, maana niliuza kondoo pale miaka mingi na yeye alinunua. Lakini siku ya msiba mtu husema lililo karibu na moyo. Nikamwambia, "Tulikuwa waamuzi wa majitu ya chuma, mimi na yeye." Akaniangalia, kisha akaangalia kikombe changu kama kwamba labda kina kitu kingine. Hodan, mjukuu wa marehemu, alikuwa anapita na birika. Alicheka mpaka akaliweka chini, halafu kicheko kikageuka kilio, na shangazi zake wakamshika. Yule mama hakuniuliza tena. Nimerudi nyumbani nikaona heri niandike, kwa sababu waamuzi tulikuwa wawili na sasa nimebaki mmoja. Shule niliiacha darasa la nne. Atakayesoma anivumilie.

Mwaka ninaousema, mjukuu wangu Wairimu alikuwa anakaa na mimi Noonkopir, hapa hapa Kitengela. Kwa nini alikaa na mimi, hiyo ni habari ya watu wengine na sitaiandika. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na chini ya goti la kushoto alikuwa na uvimbe. Mwanzo tulidhani aliumia akicheza mpira, tukapaka dawa ya kuchua, tukafunga kitambaa. Daktari wa mifupa anayekuja Kajiado ndiye aliyetuambia ni ugonjwa wa ndani ya mfupa. Wairimu akatumwa Nairobi kuwekwa dawa za dripu, nywele zikaanguka zote, uvimbe ukapungua kidogo kisha ukakaa. Tuliporudi Kajiado daktari akasema sasa mguu ukatwe juu ya goti, na mapema, maana ugonjwa ukifika mapafu hata yeye hana kazi tena. Nikauliza nani anatia sahihi. Akasema, "Mwenyewe. Ni mtu mzima." Wairimu akasema hapana. Hakulia wala kupandisha sauti. Alisema hapana kama mtu anayekataa sukari kwenye chai, akachukua kofia yake akatoka. Daktari akaniambia tunaweza kungoja wiki chache, lakini si miezi. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimelea watoto kwa kusema kitu mara moja. Mwaka huo nilijifunza kunyamaza, na kunyamaza kulinichosha kuliko kubeba maji.

Ule mchezo wa majitu ulikuwa wa Hodan. Yeye na Wairimu walisoma pamoja sekondari, na alipoona rafiki yake hatoki nje akaanza kuja kila alasiri na sanduku alilonunua mtumba Nairobi, limepasuka pembe, nusu ya vitu vimepotea. Walikunjua karatasi ngumu yenye vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, wakaitandaza juu ya meza yangu ya sebuleni, na juu yake wakasimamisha majitu. Mengine yalikuwa ya plastiki. Yaliyopotea waliyatengeneza kwa waya, vifuniko vya soda, na zile karatasi za vidonge zinazong'aa, ambazo kwetu hazikukosekana. Nilikasirika mwanzoni, maana meza ile ni ya kulia chakula. Halafu nikasikia Wairimu anaongea, sentensi nzima nzima, nikaanza kulia chakula jikoni.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila jitu limepewa uzito wake na huwezi kuuzidisha. Ndani ya huo uzito unatoa injini, unatoa bunduki, unatoa mabamba ya kulikinga. Bunduki kubwa inaleta joto, na joto likizidi jitu linajizima katikati ya vita, limesimama tu kama mti. Ukiweka chuma kingi kifuani, mgongo unabaki wazi. Kazi yote ni kuamua utakubali kupigwa wapi. Vijana wanaoucheza walikuwa wakutane Kajiado katika ukumbi wa kukodi, kila wawili waje na jitu moja walilobuni wenyewe. Wairimu na Hodan walikuwa wamebuni mengi na hawakupatana juu ya hata moja. Nikichagua maharagwe jikoni niliwasikia.

"Wairimu, hili si jitu, ni kabati," Hodan alikuwa anasema. "Miguu umeifunga chuma mpaka hakuna nafasi ya bunduki. Litapigana na nini, matusi?"

"Likisimama litashinda."

"Likisimama litasimama tu. Hata nguzo ya stima inasimama."

"Na lako linachemka ukilitazama."

"Si heri lichemke likifanya kazi."

Kila jitu la Wairimu lilikuwa hivyo. Mikono mitupu, kifua chembamba, miguu minene kama ya meza ya kasisi. Niliona. Sikusema.

Mzee Abdi aliingia katika jambo hili kwa sababu alikuwa anakuja kumchukua Hodan kabla ya magharibi. Alikuwa mtu mrefu, ndevu nyekundu ya hina, fimbo mkononi. Alijua mtoto wangu ni mgonjwa na anawekwa dawa. Habari ya kisu hakuijua, kwa maana ugonjwa wa msichana hautangazwi kwa wanaume wa nje, na Hodan aliapishwa anyamaze. Siku ya kwanza alikaa, akapewa chai, akawasikiliza wakibishana mpaka Wairimu akasema, akimwita babu kwa Kisomali kama Hodan alivyomwita, "Shosho, na wewe Awowe, mtuamulie. Nyinyi hamna upande."

"Niamue nini?" nikasema. "Hata mbele yake sijui ni wapi."

Mzee Abdi alikuwa ameshasimama. Alizunguka meza polepole kama anavyozunguka fahali sokoni, akainama kutazama majitu kutoka nyuma. "Mnyama hutazamwa nyuma kwanza," akasema. "Mbele kila mmoja ni mzuri. Hili linakula nini?"

"Awowe, ni roboti. Halili."

"Kila kitu kinakula, Hodan."

"Basi linakula moto wake mwenyewe. Ukizidi linazima."

"Hilo lina homa. Rudisha kwa mwenyewe."

Wairimu alicheka. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nimeacha sufuria ikiungua, sitaki kusogea nisije nikakivunja hicho kicheko.

Tukawa waamuzi. Alasiri baada ya alasiri tuliketi na kuyapima majitu. Mzee Abdi aliuliza jitu linaweza kutembea umbali gani kabla ya kuchoka, na likigeuka linageuka upande gani. Mimi niliuliza nani atalibeba likianguka. Wasichana walilalamika kwamba hatusemi hata moja ni zuri, na hatukusema, si mimi, si yeye. Kwao na kwetu mnyama hasifiwi mbele ya watu, usije ukamletea jicho baya. Jitu bora kabisa la Hodan lilipata kwa Mzee Abdi maneno haya: "Nimeona mabaya kuliko hili." Hodan alisema huyo ni babu yake akipiga makofi.

Halafu siku moja wakajaribu jitu jipya la Wairimu, lile alilolifanyia kazi kuliko yote. Hodan alirusha kete, zikatoka mbaya, na chuma chote kile hakikusaidia. Mguu wa kushoto ulikatika. Hodan, katika joto la mchezo, akaunyofoa ule waya na kusema, "Limeanguka. Awowe, tulipe alama ngapi?"

Mzee Abdi akainama juu ya meza. "Hili? Hili ni la kisu," akasema. "Mnyama akivunjika mguu huna la kungoja. Unamwambia mwenyewe pole, unachinja siku hiyo hiyo, kabla hajakonda."

Alisema kama alivyosema maisha yake yote. Hakuna mtu wa soko la Kajiado angesema vingine, na kama swali lingeletwa kwangu, labda maneno yangekuwa ni hayo hayo. Hodan akamvuta kanzu. Mzee akainua macho, akaona uso wa mjukuu wake, akaona wangu, kisha akashuka na macho mpaka kwenye leso ambayo Wairimu alikuwa amefunikia goti. Nilimwona akizeeka pale pale. Wairimu akasema, "Asante kwa kutuamulia, Awowe," kwa heshima kabisa, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Baada ya hapo meza yangu ilirudi kuwa meza. Hodan alikuja akaambiwa Wairimu amelala. Mzee Abdi hakuja. Nilipika kila kitu ambacho huyu mtoto alipenda, mukimo wenye majani ya malenge, chapati laini, maini yaliyokaangwa na kitunguu kingi, na sahani ilirudi jikoni imeguswa upande mmoja tu, kama iliyoliwa na ndege. Nikipita kwenye korido nilisimama mlangoni kwake kusikiliza kama anakohoa, kwa sababu daktari alisema mapafu, na tangu aseme mapafu kila kikohozi katika mtaa wetu kilikuwa chake. Tulienda Kajiado kwa siku yake ya kuonwa. Muuguzi Mmasai aliyetuzoea alinisalimia, "Takwenya," nikajibu, "Iko," na sauti yangu ilitoka vibaya mpaka akanishika bega. Daktari alimbonyeza mguu, akaniuliza mimi, "Bado hajaamua?" Wairimu akajibu mwenyewe, "Ameamua. Amesema hapana." Njiani kurudi alitazama tu mashamba ya maua ya Isinya, yale mahema meupe, na mimi nilitazama mikono yangu.

Nikajaribu ujanja, na mimi si mtu wa ujanja. Nilimwambia Wairimu anifundishe ule mchezo, nimechoka kuamua kitu nisichokijua. Alinifundisha kwa uvumilivu, akanipa jitu, na nilihakikisha jitu langu limepoteza mguu. Nilikuwa nimemuuliza Hodan mapema sheria inasemaje, akanieleza kwamba jitu la mguu mmoja linaweza kujiegemeza kwa mkono na kuendelea kupiga. Basi nikaliegemeza. Nikapiga. Nikasema, "Unaona? Bado linafanya kazi."

Wairimu aliweka kete zake chini. "Shosho, umeanza kuhubiri," akasema. "Hiyo ni waya na kifuniko cha soda. Ikivunjika unachukua koleo unatengeneza ingine. Usinifundishe na hiyo."

Alikuwa na haki. Nilikunja karatasi mwenyewe nikaiweka sandukuni, na siku hiyo niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa nimetumia kitu cha mwisho nilichokuwa nacho.

Aliyerudisha mchezo mezani ni Hodan, mtoto ambaye hafukuziki. Alileta kitambaa kipya cha kichwa, akamfunga Wairimu vile wao hufunga, akatandaza karatasi bila kuuliza ruhusa. Nilikuwa jikoni nakoroga unga. Walicheza kimya, kisha nikasikia kete, kisha sauti ya Hodan ikiwa ya upole sana: "Pole. Ni mguu tena. Toa kwa meza."

"Uwache hapo."

"Kitu kimevunjika kinatoka, Wairimu. Ndiyo sheria. Kinaenda kwa sanduku."

"Sanduku gani?"

"Hili tu, na takataka zingine."

"Usiutupe. Uwache pale ulipoangukia. Jitu likitaka lijue uko wapi."

"Likijua lifanye nini nao?"

"Sijui. Lijue tu."

Nilizima moto. Sijui ni nini kilichonishika, lakini niliingia sebuleni na unga mikononi na kumuuliza bila kuzunguka, "Wairimu, unaogopa kisu, ama unaogopa mahali mguu utaenda?"

Hodan alitaka kuondoka, nikamwambia akae. Kisha Wairimu akaongea akiutazama ule waya. "Tukienda shule ya msingi tulikuwa tunapita kichinjio," akasema. "Pale nyuma kulikuwa na lundo la kwato na miguu. Mbwa wanavuta huku, makorongo wanavuta huku. Tulikuwa tunacheka. Nikiwa Nairobi nilimuuliza mtu wa hospitali, mguu wangu utaenda wapi, akasema nisijali hayo, utashughulikiwa. Utashughulikiwa na nani? Nitaamka kila mtu ananiangalia mimi, ananiambia pole, na hakuna mtu hata mmoja anajua ule mwingine uko wapi. Huo mguu umenibeba tangu nianze kutembea, Shosho."

Nimezika watu wengi, sijawahi kuzika kipande cha mtu aliye hai. Kanisani kwetu hatukufundishwa hilo, na wazee wa kwetu ambao labda walijua wameshakwenda. Nililala vibaya, na asubuhi nikaenda kumtafuta Mzee Abdi katika duka la mwanawe, alipokuwa akishinda. Aliponiona alisimama haraka kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Nikamweleza yote, kisu, sahihi, kichinjio, makorongo. Alisikiliza akiwa ameshika ndevu.

"Mama Karanja, hiyo ndiyo shida?" akaniambia. "Hiyo si shida, hiyo ni haki yake. Kwetu kilichotoka kwa mtu ni mtu. Kinafungwa kwa kitambaa safi, kinazikwa. Mkono wa kaka yangu ulimezwa na mashine ya kusaga, tukauzika Wajir. Yeye mwenyewe alikufa baadaye akazikwa mbali, na alikuwa akituambia siku ya kufufuka yeye atachelewa, kwanza apitie Wajir."

Alasiri hiyo alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia. Alikaa kwenye kiti chake bila kutazama meza. "Msichana wangu," akamwambia Wairimu, "mimi niliongea kama mtu wa ng'ombe. Wewe si ng'ombe."

"Najua, Awowe."

"Basi nisikilize. Mguu wako nitaubeba mimi."

Na Wairimu akaanza kumhoji. Alimhoji kama tulivyokuwa tukiyahoji majitu, nyuma kwanza. "Kwa mfuko wa plastiki?"

"Kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kipya."

"Na uuzike wapi?"

"Utachagua wewe."

"Utachimba kiasi gani?"

"Mpaka fisi akate tamaa."

"Na hospitali wakikataa kuutoa?"

"Tutauliza kabla ya kisu. Wakikataa, hakuna kisu hapo, tutatafuta kwingine."

"Na wewe ukifa kabla?"

"Shosho wako anajua kushika jembe."

Wairimu akanigeukia. "Shosho, utakubali mguu wangu uzikwe na Muislamu?"

"Nitakubali uzikwe na mtu mwenye jembe kali," nikasema. Hodan alijificha uso kwa mtandio, sijui alikuwa anacheka ama vipi. Wairimu alikunywa maziwa yote, akapangusa mdomo, akasema uzikwe kando ya ua la miiba ya kayaba nyuma ya nyumba, mahali jua la asubuhi linapiga.

Yule muuguzi wa Kajiado ndiye aliyetuulizia, na hospitali haikukataa, ilitaka tu tuseme mapema na tutie sahihi. Wairimu alitia ya kwake kwanza. Siku yenyewe mimi na Mzee Abdi tulikaa kwenye benchi nje, yeye na kitambaa chake kimekunjwa mapajani, mimi na rozari ambayo sikuweza kuisali, nilikuwa nahesabu tu shanga. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote wawili. Daktari alipotoka kusema ametulia, amepumua vizuri, Mzee Abdi alimshukuru Mungu kwa lugha yake, na mimi nikafanya ishara ya msalaba. Tulikabidhiwa tulichokuja kuchukua. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Alikifunga mwenyewe, pole pole, akakibeba mpaka kwenye pikapu yake ya mbuzi ambayo alikuwa ameiosha kwa sabuni, na akanikalisha mbele nikiwa nimekipakata njia yote mpaka Noonkopir, kama mama anayetoka kujifungua. Alichimba yeye, na alichimba sana, akakataa kupumzishwa. Hatukujua ni sala gani. Yeye alisema yake na mimi yangu, kwa wakati mmoja, kwa sauti ya chini. Kisha nikarudisha udongo nikaushindilia kwa miguu yangu yote miwili, na niliona haya kuwa nayo.

Mkutano wa Kajiado ulipita Wairimu akiwa wodini. Hodan alikataa kwenda peke yake, akaenda kukaa kando ya kitanda, na muuguzi aliwagombeza kwa kutandaza majitu juu ya blanketi. Madaktari bado wanampiga picha za mapafu mara kwa mara, mpaka leo, na kila mara nasikia ladha ya chuma mdomoni mpaka majibu yatoke. Hiyo haijaisha na sitadanganya kwamba imeisha.

Siku tuliyomleta nyumbani nilikuwa nimefagia, nimepika, nimemwalika padri na akina mama wa kanisa, wamekaa ndani wanangoja kuimba. Wairimu alishuka kwenye gari na magongo yake mapya. Hakwenda mlangoni. Alizunguka nyumba, hatua ndogo ndogo, akapumzika kwenye tangi la maji, akaendelea mpaka kwenye ua la kayaba. Nilisimama mbali na mfuko wake wa nguo. Aliweka ncha ya gongo juu ya udongo na kuegemea kwa uzito wake wote, hapa, kisha pale, kisha pale.

"Mmeshindilia," akasema.

"Tumeshindilia."

"Mbwa hawafukui hapa."

"Hawafukui."

Akabaki hapo kidogo. Ndani walikuwa wameanza wimbo bila sisi. Kisha akageuza magongo, mbele yake kuna mawe na kamba ya nguo na ngazi mbili za jikoni, na nikasogea kumfuata kwa nyuma, mikono imenyooka tayari.

"Shosho, tangulia," akasema. "Ukiwa nyuma unanitia wasiwasi."

Nikatangulia. Nilisikia gongo, kisha mguu, kisha gongo, na mahali fulani karibu na kamba ya nguo sauti ikakatika, ikakaa kimya, kisha ikaendelea. Sikugeuka. Katika kazi zote za mwaka huo, hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu.